Mzee Tikisa Anaondoka na Konokono Wake

Mzee Tikisa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30, baada ya miaka ishirini na saba ya kupanda na kushuka ngazi ya gereji yetu. Kesho yake asubuhi anasafiri na mkewe, ambaye sote hapa tunamwita Shemeji, kwenda kuwaona wajukuu wanaomjua babu yao kwa sauti ya simu tu. Naandika "anasafiri" kwa wasiwasi, maana safari hii imeahirishwa mara nyingi mpaka begi la Shemeji limekatika zipu kwa kufungwa na kufunguliwa.

Kwa wasiotujua nieleze kidogo. Gereji yetu inatengeneza vibanda vya kulala vinavyopandishwa nyuma ya pikapu. Kitanda, jiko dogo, kabati, friji, vyote mle mle. Tunaviita konokono, kwa sababu gari linatembea na nyumba yake mgongoni. Mimi nashona mapazia na magodoro. Mzee Tikisa anafunga paneli za sola juu ya paa, na bila yeye mapazia yangu yangekuwa yanapamba giza.

Alipoanza, wateja walikuja na paneli zile za kubeba mkononi. Mtu akifika anakolala anaitandaza chini juani, kisha anaikanyaga mwenyewe, au anaondoka anaisahau. Mzee akasema hapana, ikae juu, ila iweze kushuka. Akafunga reli mbili za alumini kwenye paa, paneli ikakaa juu yake kwa nati zenye masikio, zile za kukaza kwa vidole, na chini akaacha nafasi upepo upite. Paneli nayo inasikia joto, alisema, msiivalishe sweta.

Ya kwanza kabisa iliruka. Gari lilitoka kujaribiwa likarudi kichwa wazi. Tulizunguka mtaa mzima tukiitafuta, tukaikuta uani kwa jirani, nzima, na mama mwenye nyumba keshaianikia soksi. Akatuuliza kama tunayo nyingine.

Sasa mimi tangu asubuhi nilikuwa nauliza, na ikichomoka je? Walinicheka. Baada ya zile soksi Mzee hakucheka tena. Akaniita: "Mama Mapazia, huo wasiwasi wako unakaa bure, leo nimeupatia kazi. Panda ngazi." Nikapanda. "Tikisa!" Nikagusa kwa vidole. "Siyo hivyo, mama! Tikisa kama unamwamsha mtoto aende shule." Hapo nikaelewa kazi. Tangu siku ile hakuna konokono aliyetoka getini kabla sijapanda kumtikisa, na jina likamganda yeye aliyekuwa anapiga kelele chini.

Wateja wanamkumbuka kwa mengi. Mchimba visima mmoja alirudi amefura, anasema friji haipozi, paneli ni mbovu, anataka aonane na bosi. Kumbe alikuwa ameegesha kivulini siku nzima. Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza, akamvutia kiti. "Kaka, wewe umelikimbia jua, nani atakulaumu? Lakini umekimbia na paneli." Akamwonyesha kulegeza zile nati, kuishusha na kuipeleka na waya wake mpaka juani, gari likabaki kwenye ubaridi wake. Siku hizi mchimba visima huyo anawafundisha wenzake kama vile yeye ndiye aliyeibuni.

Tatizo la Mzee wetu ni moja. Hawezi kumwambia mtu hapana. Konokono wake mwenyewe alikaa nyuma ya gereji miaka na miaka, paa tupu, kuku anatagia kwenye kabati. Kila akimtafutia paneli anatokea mteja mwenye haraka, paneli inaondoka na mteja. Shemeji akipiga simu anaambiwa wiki ijayo. Wajukuu wameota meno, wameng'oka meno, babu bado yuko wiki ijayo. Sisi wengine tulishakata tamaa, na nilimwona Shemeji naye anaanza kukata.

Basi Jumatatu hii Mzee kaamua. Kafukuza kuku, kafunga reli, kafunga paneli kwa haraka ya bwana harusi. Akaniita nikatikisa. Imara kama ukuta! Shemeji alikuwa ndani, kawasha jiko atuchemshie chai ya kupongezana. Mara tukasikia ngo, ngo, ngo chini ya paa. Ni Shemeji anasukuma kile kidirisha cha juu cha kutolea moshi, hakifunguki, paneli imekikalia. "Baba watoto! Umenifunika kama sufuria ya wali!"

Fundi aliyefunga mapaa ya watu wote, la kwake kaziba tundu la pua. Tulicheka mpaka fundi wa umeme akakaa chini. Lakini Shemeji alipotoka hakucheka. Alisimama anafuta macho, na mimi sikujua ni moshi au ni kitu kingine. Mzee akaangalia paneli, akaangalia magari ya wateja kwenye foleni, akafungua mdomo. Sote tulijua linalokuja. Kabla hajalitoa gereji nzima ilipiga kelele: "Leo!"

Bosi mwenyewe alishika ngazi. Fundi wa umeme akafungua nati, fundi wa rangi akaja na mikono yake ya bluu, reli zikasogezwa nyuma, wateja wakangoja. Kidirisha kikafunguka, moshi ukatoka, chai ikanywewa. Ilikuwa na masizi, ila hakuna aliyebakiza.

Mzee Tikisa, asante kwa kila paa. Ufute vumbi kwenye paneli, usiegeshe chini ya miti, nati uziguse kila mnaposimama, na mle vizuri. Spana umeiacha katika mikono salama. Asubuhi ya leo mteja amekuja kukuulizia, nimemwambia umeshaondoka, na wewe ulikuwa nyuma ya mlango unachungulia. Nilikuona.

Tunakuombea uzee wenye jua la kutosha na wajukuu wasiokuacha ulale. Kuhusu paa usiwe na wasiwasi, huo niachie mimi. Jana nilipanda tena, nikatikisa kama namwamsha mtoto aende shule. Haichezi. Nenda.