Bruda Aende Tunduru

Sogeeni, wanangu, kaeni karibu na kitanda, maana sauti niliyobakiwa nayo inatosha humu chumbani tu, haifiki uani. Mama Tadei, niinulie mto kidogo. Hapo hapo. Tadei, kaa upande wa ukutani, na wewe Dorine upande wa dirishani. Najua hamtaki kukaa pamoja, sitawalazimisha, ila nikigeuza shingo nataka nimwone kila mmoja. Gaspari, mdogo wangu, wewe ni shahidi. Na wewe mtani wangu Daimu, uliyepanda lori la mbao kutoka Tunduru uje kunicheka ninavyokufa, wewe nawe ni shahidi, hata kama leo naona umekosa la kucheka. Mimi dadi yenu, baba yenu, nagawa mali. Mtu asinikatize, maana nikikatika sitaunganika tena.

Nianze na vile visivyo na maneno. Nyumba hii ya Lizaboni ni ya mama yenu, hatoki wala hahamishwi. Shamba la bondeni mlilime wote, na mahindi yake ale yeye kwanza. Banda la useremala ni lake pia, kwa sababu bati zile zilitoka kwenye magunia ya mahindi yake, wala hazikutoka kwenye meza na viti vyangu. Msumeno wa umeme, ule nilioununua kwenye mnada ushirika ulipofunga karakana yake, ni wa Tadei. Umepasua mninga na mkongo miaka yote hii ya ruksa ya biashara na bado una nguvu, ila ukiuwasha, mwanangu, usubiri uchanganye mwendo ndipo uupe ubao. Ukiupa ubao mapema unaukaba koo, na hapo ndipo mota inapoanza kuoza kidogo kidogo bila wewe kujua. Randa ya umeme ni ya Dorine.

Naona Gaspari unatikisa kichwa. Tikisa, lakini sikia. Umesema tangu zamani kwamba kwetu Wangoni mtoto wa kike hapewi chombo cha kazi cha baba yake, kwa kuwa atakihamishia kwa watu. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni ndugu yangu na nakupenda, wala sikuwahi kukubaliana nawe. Visu vya randa ile anavinoa Dorine. Mkanda wake ulipokatika na madukani haupatikani, ni Dorine aliyekata mwingine kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, na mkanda huo unazunguka mpaka leo. Akiihamishia kwa watu, basi watu hao watapata meza nzuri, na mimi nitafurahi huko niliko. Kinyongo hicho nakitua hapa, Gaspari, nisizikwe nacho. Nipe mkono. Haya, yamekwisha.

Sasa Bruda, drili yangu.

Mnajua jina hili limetoka wapi, lakini nitalisema mbele ya mashahidi lisipotee. Nilipokuwa kijana katika karakana ya misheni ya Peramiho kulikuwa na bruda mmoja wa watawa, Mjerumani mzee, ndevu zake zimejaa vumbi la mbao mwaka mzima. Alipokuwa anarudi kwao kufia huko, aliniwekea drili yake mikononi, akasema kwa Kiswahili chake kile, "Isidori, hii ikipata moto, wewe kunywa chai." Basi. Utaalamu wote alionipa ni huo, na mimi nimeufuata kama katekisimu. Unaweka mgongo wa mkono kwenye tumbo la mashine. Mkono ukikataa kukaa, Bruda amechoka, unamlaza juu ya meza, unakaa na wenzako, mnakunywa chai. Mama yenu, wakati huo msichana, alikuwa mmoja wa waliotuletea chai mafundi, na wenzangu walikuwa wanashangaa kwa nini Bruda anachoka upesi sana siku za zamu yake. Cheka, Mama Tadei, cheka. Ni kweli.

Nyinyi wawili mmekulia kwenye chai hiyo. Tadei, pale ndipo uliponiambia umepata mchumba, ukawa unakoroga kikombe ambacho hakina sukari. Dorine, pale ndipo uliponiambia masista wanakutaka na wewe huwataki. Nadhani kama mashine ile ingekuwa haichoki, ningekuwa na watoto nisiowajua.

Watu huniuliza, Mzee Isidori, siri ya chombo chako kudumu ni nini, na wanataka niwaambie ni chuma cha Ulaya. Ulaya iliyobaki mle ndani ni gamba na meno ya gia tu. Swichi yake ni ya taa ya ukutani. Waya wake ulikuwa wa pasi. Miaka ile ambayo dukani ulikuta rafu na mwenye duka peke yao, kaboni zake za kupitishia umeme kwenye mota zilipokwisha nilipasua betri kuukuu za tochi, nikatoa ule mkaa wa katikati, nikausugua kwa tupa mpaka ukaingia, na Bruda akanguruma. Mota yake imeungua na Daimu, fundi wetu wa mota, ameisuka waya upya, ikaungua tena, akaisuka tena. Amedumu kwa sababu kila alipokufa alipatikana mtu wa kumfungua na kumtazama ndani.

Kisha ikaja ruksa, maduka yakajaa. Drili nyekundu, za njano, za kijani, nyepesi kama mabua, na bei ambayo fundi anaiweza. Tadei ukanunua. Mimi sikukucheka, mwanangu, ingawa Daimu alikucheka kwa niaba yangu. Na sizitukani mashine zile, zimewapa kazi vijana wengi hapa mjini ambao wasingemgusa Bruda hata kwa ndoto. Ila yako iliungua wakati boksi lake bado linanukia duka. Nawe ulikuwa na kazi ya madawati kule Namtumbo, lori linasubiri, watu wanakuhimiza, ukaja ukamwomba Bruda. Nilikupa. Ningekupa tena.

Niwekeeni blanketi miguuni.

Umeme wa jenereta siku ile ulikuwa unapanda na kushuka, na wewe hukuwa na nafasi ya chai. Ulimrudisha Bruda umemfunga ndani ya shati lako, ananuka moshi, na wewe mwenyewe umevaa fulana tu, macho chini. Wateja walikuwa wamejaa pale bandani. Na Dorine akasema.

Dorine, usiiname. Lazima nilitaje, kwa sababu watu wote wa nyumba hii tunalizunguka neno hili tangu mavuno yaliyopita. Ulisema, "Kaka, wewe unaua kila unachoshika." Ulikuwa unasema mashine. Namjua mtoto niliyemzaa, ulikuwa unasema mashine, unaililia drili uliyoipangusa tangu utoto wako. Lakini kaka yako alikuwa ametoka kumzika mtoto wake wa kwanza, aliyemfia mikononi barabarani, wakikimbilia hospitali. Neno lile la kushika lilimwingia pale pale. Akamweka Bruda juu ya meza taratibu, nilimwona, taratibu kabisa, akaondoka. Bruda, Daimu alimsuka akapona, lakini nyinyi tangu siku hiyo mnapishana humu ndani kama wapangaji.

Tadei, nitazame. Hukumuua mtoto wako. Homa ilimuua. Ulimshika kwa sababu wewe ni baba yake, na alikufa ameshikwa na mtu anayempenda, na mimi babu yake nalishukuru jambo hilo kila ninapofumba macho. Nalisema mbele ya mashahidi ili likae. Mtu yeyote asije akakwambia vinginevyo, hata wewe mwenyewe usijiambie.

Na wewe Dorine, mwanangu, najua hukukusudia, nimekusikia unavyolia jikoni ukisingizia moshi. Lakini kutokukusudia kwako hakujampunguzia kaka yako hata chembe. Ukamwambie. Ulijua kulisema lile mbele ya wateja, hutashindwa kulisema hili mkiwa wawili.

Kila mmoja wenu amekuja kwa wakati wake kuniomba Bruda. Tadei anamtaka ili amtunze, kwa kuwa alimuunguza na roho inamsuta. Dorine anamtaka kwa kuwa amemzoea. Wote mna haki, na hapo ndipo nilipokwama. Nikimpa mmoja, nimewapa sababu ya kutosemezana mpaka mtakaponifuata.

Kwa hiyo Bruda achukuliwe na mtani.

Tulieni. Mila mnaijua. Siku ya maziko mtani akiingia, akabeba kitu cha marehemu, hakuna mwenye ubavu wa kumzuia, mpaka wafiwa wamfuate wakikomboe. Huyu Myao amekuwa akinitishia tangu tuna meno yote: "Ukifa, Mngoni, nakuja kumbeba Bruda." Leo nampa ruhusa kwa kinywa changu. Daimu, siku hiyo uje na makelele yako yote. Lala kaburini ukitaka, udai limechimbwa fupi. Ficha masufuria ya wapishi. Wafanye watoto hawa wacheke, hata kwa hasira. Kisha mbebe Bruda, panda lori lako, nenda naye Tunduru. Utamwachia kwa jogoo mmoja, lakini jogoo huyo aletwe na hawa wawili, wamekuja pamoja, katika lori moja. Akija mmoja, mpe chakula, mpe mahali pa kulala, mrudishe mikono mitupu. Uniapie.

Nimesikia. Ahsante. Unafuta macho? Mtani haruhusiwi, utaniharibia msiba.

Na barabara ya Tunduru masika haya mnaijua. Lori litakwama. Mtashuka, mtavua viatu, mtaingia kwenye tope mpaka magotini. Mmoja ataweka gogo chini ya tairi, mwingine atasema bado, bado, haya sasa! Lori halisukumwi na watu walionuniana, wanangu, dereva mwenyewe atawafokea. Na usiku mtaukaa hapo hapo porini na jogoo wenu amefungwa miguu, hamna pengine pa kwenda, hamna mwingine wa kumsemesha. Ndicho ninachowarithisha hasa. Drili ni kisingizio.

Mkimrudisha, akae bandani kwa mama yenu. Kila mwenye kazi amtumie, na akichoka, mwenye kumtumia amwite mwenzake.

Nipumzike kidogo.

Jeneza langu lisiwe la mninga. Mninga waachieni walio hai wakalie. Mbao za msindano zinatosha, na msinipigie rangi, napenda ile harufu yake. Tadei atoboe. Kwa drili yake mpya, ndiyo, ile ya kijani aliyonunua baada ya ya kwanza kuungua, usishangae, nataka nami niipe baraka. Dorine ashike ubao, maana ubao usiposhikwa unacheza, tundu linakwenda upande. Misa iwe ya asubuhi, wa mbali wapate magari. Daimu ni Mwislamu, apikiwe peke yake, kwa vyombo vilivyo safi, na nyama achinje mwenyewe. Mama Tadei asilimishwe mwaka huu.

Mama Tadei... wewe sikugawii kitu. Kila nilichokuwa nacho ulikuwa unacho.

Wekeni vichwa hapa, mkono wangu ufike. Mungu aliyeniwekea kazi mikononi awawekee na nyinyi, awape mbao zilizonyooka, na zikipinda awape subira. Awape watoto, Tadei, tena... awape watoto wanaokua. Mkichoka awalaze mahali pa baridi. Mpendane hata pale msipo... hata pale...

Maji. Koo limekauka. Maji kidogo.

Nani huyo amesema? Tadei, ni wewe? Umesema, "Dorine, nipe kikombe kile"? Umemtaja jina lake. Mama Tadei, umesikia? Kumbe ni kwa ajili ya kikombe tu... haidhuru. Tunduru mtakwenda vilevile, msinidanganye.

Mjibu kaka yako, Dorine. Mjibu. Mimi nasikiliza.