Birika Limekwenda Matembezi

Benchi letu la kahawa liko kati ya kibanda cha fundi viatu na cherehani ya fundi nguo. Mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo wakikaa watu, lazima mmoja akanyage chini kwa nguvu. Mimi hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nasuuza vikombe, mwanangu mgongoni. Mwenye kahawa ni mke wa fundi viatu, tunamwita Mama Birika. Mumewe tunamwita Nyundo. Asubuhi hiyo Nyundo alikuwa na shati lililopigwa pasi na uso wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Binti yao muuguzi alikuwa amewatumia gari la siku moja, kwa ajili ya miaka thelathini ya ndoa yao. Dereva angefika saa tatu, na Nyundo hakujua waende wapi. Alipokuwa anamposa mkewe alimwahidi kumtembeza wilaya zote za mwambao huu. Mpaka leo hawajavuka hata daraja.

— Nisaidieni, ndugu zangu, — alisema Nyundo. — Nikikosea leo, nimekosea mpaka kaburini.

— Hapo umefika kwa mwenyewe, — alijibu Ramani. Huyu ujana wake wote alikuwa utingo wa malori, na husema hakuna wilaya asiyoijua. — Nenda kaskazini, kwenye maporomoko. Maji yanaanguka tangu dunia iumbwe, na hayajachoka.

Mkasi, fundi nguo, aliacha kukanyaga cherehani, akashika sindano na uzi.

— Maporomoko! Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sasa unampeleka mkeo akaangalie hasara?

— Basi mapango ya wilaya ya vilima.

— Mna nini humo? — aliuliza Nyundo.

— Giza. Lakini giza la zamani, si hili letu la siku hizi.

— Huko ndiko mtaka cha mvunguni sharti ainame, — alisema Mkasi. — Na shemeji goti linamsumbua.

— Vizuri umesema goti! — Ramani aliruka, benchi likainama, Nyundo akakanyaga chini. — Chemchemi za maji moto, wilaya ya kusini. Anachovya goti, anarudi anakimbia.

— Si ataungua?

— Aungue vipi, Nyundo? Maji ya moto hayachomi nyumba, seuze goti!

Mama Birika alipita akiwamiminia, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

— Mimi ningekwenda kisiwani, — alisema Mkasi. — Kile ambacho asubuhi kiko karibu na jioni kiko mbali.

— Kinatembea?

— Usione vyaelea, vimeundwa. Kimefungwa kamba kwa chini. Wenyeji wakiwachoka wageni, wanailegeza.

— Ni kweli, — alisema Ramani. — Niliwahi kufika huko na lori.

— Lori kisiwani?

— Kabla hawajailegeza.

Hata mwanangu alicheka, sijui alielewa nini. Nyundo peke yake hakucheka.

— Ramani, kaka yangu, acha mchezo. Hayo maporomoko yakoje hasa?

Ramani alikunywa kikombe ambacho hakikuwa na kitu.

— Niseme ukweli? Nilikuwa nyuma ya lori, chini ya turubai, nalinda mzigo. Lakini niliyasikia!

— Na mapango?

— Nilisikia baridi.

Mkasi alicheka mpaka akashika cherehani. Mama Birika alikuja akamjazia Ramani kikombe kabla hajaomba, mtu asije akabaki ameshika aibu mkononi.

Honi ikalia. Dereva alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani.

— Hamjambo hapa? Tunaelekea wapi leo?

— Kaskazini! — Ramani.

— Kisiwani! — Mkasi.

— Subirini kwanza, — alisema dereva. — Mama mwenyewe amesema anataka kwenda wapi?

Ramani aliangalia ndani ya kikombe. Mkasi alitafuta sindano iliyokuwa midomoni mwake. Nyundo aligeuka akamtazama mkewe, hatua tatu kutoka pale, aliyekuwa akitumiminia tangu asubuhi.

— Mke wangu, — alisema polepole, — hivi unataka kwenda wapi?

Mama Birika aliweka birika chini.

— Miaka thelathini nimesimama mimi, mmekaa nyinyi. Wilaya si neno, baba watoto. Nataka mahali penye kivuli, nikae, halafu wewe unimiminie.

Nyundo alichukua birika, akalifunga kifuniko kwa kamba ya kiatu, akachagua vikombe viwili nilivyosuuza. Mkasi alikata uzi kwa meno na kumpa Mama Birika kile alichokuwa akishona muda wote ule wa ubishi: mto mdogo wa kuegemeza goti garini.

— Kivuli kipo kila wilaya, mama, — alisema dereva akimfungulia mlango. — Ukisema simama, nasimama.

Gari likapinda kona, likashika barabara ya darajani. Benchi likainama upande. Aliyezoea kukanyaga hakuwepo.

— Mama mtoto, — Ramani alininyooshea kikombe, — na kahawa yetu?

— Birika limekwenda matembezi.

— Wilaya gani?

Tulitazamana. Hilo hakuna aliyelijua, na Ramani, kwa mara ya kwanza, hakujaribu kubuni.