Pius Luhaga, Fundi Aliyeshuku Kila Kopo la Kauri

Feri ilikuwa katikati ya maji, ikitoka Busisi kwenda Kigongo, Pius Luhaga alipozaliwa tarehe 9 Juni 1966, mama yake akiwa safarini kwenda hospitali Mwanza. Baba yake alizoea kusema kwamba mtoto alifumbua jicho moja kwanza, kama mkagua tiketi.

Alisoma Buswelu, kisha akahitimu ufundi wa maabara ya meno Dar es Salaam mwaka 1991. Tarehe 12 Novemba 1994 alifunga ndoa na Wilhelmina, ambaye alikubali kuishi na mtu anayenusa maziwa kabla ya kusalimia.

Mwaka 2004 alifungua maabara Nyamagana pamoja na fundi mwenzake, Nurdin. Zirkonia, ile malighafi nyeupe ngumu, ilipochukua nafasi ya chuma ndani ya meno ya bandia, shaka ya Pius ilipata kazi. Hakuamini maandishi ya kopo la kauri, ule unga unaopakwa juu ya jino la bandia na kuchomwa. Kauri ya kupaka juu ya chuma, alisema, ukiipaka juu ya zirkonia hupasuka ikipoa. Hivyo kwa kila kopo jipya alichoma kwanza kipande kidogo tanurini, akakitumbukiza kwenye chai ya moto, kisha kwenye maji baridi. Brashi iliyogusa kazi ya chuma haikukanyaga meza ya zirkonia.

Mwaka 2019 jino la bandia la mwalimu mmoja wa Butimba lilipasuka mara mbili. Kopo la kauri yake lilikuwa limeletwa na Nurdin.

"Umeniletea unga feki, na unajua," Pius alimwambia.

Nurdin alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaondoka.

Pius alilipima kopo lile siku nne. Halikuwa na kasoro. Ndipo akaligeuzia lenzi jiwe lake mwenyewe la kusagia: lilikuwa limechakaa, naye alikuwa akilikandamiza bila maji, zirkonia ikapata joto kali na kufanya nyufa. Alikwenda Buswelu, alikoishi Nurdin, kuomba radhi. Nurdin alimkaribisha chai.

"Nimekusamehe, kaka. Ila kwako sirudi. Kesho utanitia na mimi tanurini unipime."

Agosti 2024 Pius aligundulika kuwa na saratani ya ini. Nurdin alirudi bila kuitwa, akamalizia kazi zilizobaki. Jino la mwisho alilileta kitandani pamoja na lenzi, likaguliwe. Pius hakulishika.

"Mpelekee mwenye jino. Umelitengeneza wewe, inatosha."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025. Ameacha mjane, Wilhelmina, watoto wawili, Odeta na Antoni, wajukuu watatu, dada yake, Rose, na mdogo wake Nurdin, ambaye marehemu aliagiza aandikwe hapa, kati ya ndugu, wala si kati ya wafanyakazi wenzake.

Leo yeye anaondoka, sisi tunabaki. Mungu ampe pumziko.