Vidole Kwenye Beseni

Kaeni, wanangu, kaeni hapo sakafuni mbele ya kitanda changu, na kila mmoja atumbukize kidole chake kwenye hilo beseni aliloleta mkwe wangu, na asikitoe mpaka niseme toa. Najua inawasha. Hiyo ni dawa ya kutolea rangi, ileile tunayotolea madoa kwenye vitambaa, na nimemwambia asiizimue sana. Mtawashwa huku mkinisikiliza, maana nina maneno ya kuwaachia na pumzi ya kuyasemea ni haba, na nyinyi tangu utoto hamjawahi kunisikiliza mkiwa mmestarehe.

Asubuhi niliwaomba jambo moja tu. Niliwaomba mnipandishe kwenye mkokoteni wa karakana, ule wa kupelekea mafurushi kwa wateja, mnisukume mpaka shule ya msingi nikapige kura yangu. Wewe Wakili, kifungua mimba wangu, ambaye nakuita Wakili si kwa sababu ulisoma sheria bali kwa sababu hujawahi kukosa neno, ukaniambia baba, hali yako hairuhusu, wewe pumzika, sisi tutakwenda na kura zetu zitakuwa zako. Mama Pacha akanifunika shuka vizuri, binti yangu mwenye huruma. Kitinda akanishikia kikombe nikanywa. Mkatoka mmefuatana kama watu wenye shughuli, na chai yangu ilikuwa bado vuguvugu mliporudi, mkajipanga hapo ukutani, mkaninyooshea vidole vya buluu.

Vya buluu, jamani. Mimi nimetia rangi nguo za watu tangu sijaota ndevu, nimewalisha, nimewavisha na kuwasomesha kwa rangi, na nyinyi katika vitu vyote vya duniani vya kunidanganyia mkachagua rangi. Mngekuja mikono mitupu mkaniambia wino umekwisha huko, ningeamini, maana macho yangu yameshaingia ukungu na nilikuwa nataka kuamini. Lakini hiyo ni buluu ya pipa la tatu, nimeichanganya mwenyewe wiki niliyoanguka, ya sare za shule, na ikikauka pembeni inageuka zambarau. Wino wa kura hauko hivyo. Wino wa kura unajificha kwenye mzizi wa ukucha, ukipigwa na jua unakuwa mweusi, na dawa iliyo humo besenini hauiogopi. Tena unapakwa kidogo tu, pale nchani. Kitinda, baba, wewe umekichovya kidole mpaka kwenye fundo, kama mtu anayepima kina cha uji.

Mkwe wangu, ingia, usisimame mlangoni. Inua mkono waone. Tazameni zile ngozi zilivyochubuka. Huyu anashinda mapipani, mikono yake ni ya buluu mwaka mzima, na watu wa kura wakikuona na buluu wanakurudisha nyumbani, wanasema umeshapiga. Ndiyo maana sisi watia rangi siku moja kabla ya kura tunaloweka mikono, na nyinyi mlituona tukifanya hivyo tangu mnatambaa. Huyu ameisugua jana kutwa ili wamkubali, na kidole chake kina wino wa kweli. Nyinyi mikono yenu ni myeupe, hamjagusa pipa miaka na miaka kwa sababu rangi inawaharibia kucha, na siku mlipokumbuka kugusa pipa ni siku ya kuja kunifanya mjinga.

Usinijibu, Wakili. Jibu lako ninalo. Wiki nzima umekaa kwenye kile kibaraza ukisema wote walewale, hakuna wa kumpigia, na kutokwenda nako ni kusema. Kusema na nani? Nani alikusikia? Wanaohesabu kura hawakusikia, na mimi baba yako nililala hapa nikakusubiri, na hukuwa na ujasiri wa kuniambia mimi hayo uliyokuwa ukiwaambia wacheza bao. Kama huwataka, ungeingia kule ndani ukaichora karatasi msalaba mkubwa, mtu angeifungua, angejua kuna mwanamume alitoka kwake akaja kuwakataa. Hilo ningelipokea. Ningetukana kidogo, halafu ningelipokea.

Na mimi sijasema wanapendeza. Nani anaweza kumpenda yule tunayemwita Bwana Samahani, diwani wetu, ambaye barabara ikibomoka anakuja kusema samahani, taka zikizagaa samahani, na kila anapoomba radhi tumbo linaongezeka? Na yule mwingine, Kipaza, anayepiga kelele mpaka watoto wachanga wanashtuka, si alisimama pale njia panda akaninyooshea kidole mimi, mzee mzima niliyemkatia kaptura zake za kwanza za shule kutoka kitambaa changu, akasema watia rangi ndio wanaochafua mtaro na atatuhamishia kule chini bondeni? Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani sikula. Yule namchukia kwa moyo wangu wote, na sina haja ya kuuficha moyo wangu leo.

Lakini wote si walewale. Wote ni wabaya, hilo ni jambo lingine. Uchaguzi uliopita mlisema hivyohivyo, na kulikuwa na yule mama mkunga, mchoyo, mwenye mdomo mchafu, asiyejibu salamu. Mama yenu alimpigia. Tulikuwa tumekaa yeye na mimi, mikono yetu minne kwenye beseni hilihili, tukabishana mpaka maji yakapoa, mimi nikisema yule mwanamke hana adabu, yeye akisema sitafuti mtu wa kuoa, natafuta mtu wa kuliacha bomba letu la maji pale lilipo, na yule mkunga maji ya bomba lile anayachota yeye mwenyewe kwa hiyo hatalihamisha. Alinishinda. Tulikwenda sote tukampigia mtu ambaye hakutujibu hata salamu. Nyinyi watatu, pamoja na rafiki zenu wote wa kibarazani, mlilala.

Bwana Samahani akapita. Bomba likahamishiwa kule kwenye nyumba yake ya wageni. Samahani, akasema. Na mama yenu akaanza kuteremka na ndoo ule mteremko wa mawe, kwa sababu mapipa hayangoji, na Wakili alikuwa na kazi, na Mama Pacha alikuwa na pacha, na Kitinda mgongo ulikuwa unamuuma. Mnakumbuka mahali alipoanguka. Mlilia sana mazikoni, mlilia mpaka watu wakawasifu, na mimi nilisimama pale nikawatazama nikajiambia hawa wanamlilia mtu ambaye wangeweza kumwepusha na ndoo kwa kuamka asubuhi moja. Miaka yote hii sijawaambia. Nimewaambia sasa. Mkae nalo.

Usitoe kidole, Mama Pacha. Hata mimi kinaniuma nikikitazama. Kirudishe.

Sasa mali. Nami nilikuwa na uchaguzi wangu hapa kitandani, wanangu, nikawatazama wagombea wangu watatu mmojammoja, na sikumpenda hata mmoja. Wakili atauza mapipa aanzishe kitu cha kukaa kwenye kiti. Mama Pacha atamwachia mumewe, na mumewe namjua. Kitinda atafunga mlango aseme atafungua kesho. Ningeweza kugeukia ukuta nikasema wote walewale, nife, mgombanie wenyewe mpaka mshikane mashati. Nikaona hapana. Karakana, na mapipa yote, na jiko la kuchemshia, na kamba za kuanikia, na kile kibanda cha mbele wanapopokelea wateja, ni vya huyu mkwe wangu, mjane wa ndugu yenu aliyetangulia. Baba yenu mdogo anajua, ameshuhudia, msimsumbue.

Wala msidhani nampenda. Mkwe wangu, usinune, unajua. Nilikukataa siku ile ile mwanangu alipokuleta, unanijibu kama mwenye nyumba, chai yako ni ya moto tu haina kingine, na ukicheka unacheka kwa pua. Lakini moto wa karakana asubuhi unauwasha wewe. Leo nimemuuliza kura yake ameipeleka wapi, akaniambia usoni bila kupepesa, nimempa Kipaza. Kipaza aliyenidhalilisha. Nikamuuliza kwa nini, akasema kwa sababu Kipaza ana vyumba vya kupangisha huku juu na bila bomba havipangishiki, kwa hiyo bomba litarudi, hayo ya kutuhamisha tutagombana naye likisharudi. Nikamsikia mama yenu akiongea, kwa mdomo wa mtu nisiyempenda.

Nyinyi nimewagawia kwa usawa, asije mmoja akasema mwenzake amependelewa. Mlisema wote walewale, nami nimewakubalia. Kila mmoja wenu anapata sawasawa na mwenzake, na hakuna anayepata kitu. Na mkienda kupiga kura sasa hivi hamtarudishiwa hata kamba ya kuanikia. Nataka mwende bila malipo, kama alivyokuwa akienda mama yenu.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Toeni vidole sasa. Futeni kwa kanga ile. Nyooshea huku, Kitinda, nione. Bado kabuluu kwenye ukucha. Kikwangue kwa kisu cha mkwe wangu, kikwangue vizuri, hata damu ikitoka. Wakikurudisha pale getini usije kuniambia.

Mkokoteni uko mlangoni. Mkwe wangu ameutandikia godoro. Geti la shule hawajafunga, kelele za foleni nazisikia kutoka hapa. Mtanibeba mnipandishe, na mtanisukuma nyinyi wenyewe, siyo kutafuta vijana. Mimi nitampigia Kipaza. Nitampigia huku namtukana, na yule karani atakayenishika mkono atasikia matusi yote. Nyinyi mpigieni mnayemtaka. Mpeni Samahani, kama roho zenu zinawaruhusu. Haribuni karatasi. Lakini ingieni.

Nikikata roho njiani, sikilizeni hapa vizuri, nikikata roho njiani msigeuze mkokoteni. Nifunikeni uso, mniweke kwenye kivuli cha ukuta wa shule, muingie, mpige kura, mtoke. Ndipo mnirudishe nyumbani mnililie. Atakayetoka na wino, radhi yangu anayo, ya dunia na ya huko ninakokwenda, nampa kwa moyo mweupe na yote yaliyopita nimeyasamehe. Asiyekuwa nao aje makaburini kama jirani. Asimame na majirani.

Msilie. Nishikeni kwapani. Taratibu... taratibu, mguu.

Subiri, Wakili. Mkono wangu huu, utazame. Mbona huutazami... Umeona ulivyo safi? Jana nilimwita mkwe wangu, nikamwambia lete beseni. Nililoweka kutwa. Umri wote huu, ni jana tu buluu imenitoka yote. Hata kwenye kucha. Kwa sababu nilijua... mimi nilikuwa na hakika, wanangu, kwamba asubuhi mtanibeba.

Haya. Fungua mlango.

Sukumeni.