Pakiti Zilizokwama Mlangoni: Risala ya Wanafunzi wa Chumba cha Kompyuta

Mgeni rasmi, wewe mama yetu uliyetupa laini ya intaneti kwa majaribio, mwalimu wetu, wazazi na majirani: shikamooni, na karibuni katika chumba ambamo mkono wa mwanafunzi haujawahi kuharibu kitu.

HISTORIA
Tulianza tukiwa kumi na wawili na kompyuta nne, moja ikiwashwa kwa kofi. Mkubwa wetu kwa umri ni Shangazi, mshonaji. Kanuni yetu ni moja: anayegusa ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, anaandika daftarini alichofanya.

CHANGAMOTO
Mwezi uliopita intaneti iliingia kiburi. Ujumbe mfupi ulipita. Masomo ya video yalifika asilimia tatu yakakaa hapo kama mgeni aliyenogewa. Shangazi alibakiwa na siku sita kabla ya mtihani wa cheti cha ushonaji, na masomo yake yote yalikuwa kwenye video hizo. Tulizima, tukawasha, tukalaumu waya, mvua na kampuni yako, mama, utusamehe.

MAFANIKIO
Mwalimu akatufundisha kupima. Tulituma pakiti kubwa, yaani kifurushi cha data, tukikataza isigawanywe njiani, haikupita. Tukaipunguza kidogo kidogo mpaka ikapita. Kumbe ruta ilipangiwa pakiti za baiti 1500, na laini mwisho wake ni 1492. Baiti nane tu! Ni kama kabati lililozidi mlango kwa upana wa kidole: halipiti, hata msukume watu kumi. Tukaandika 1492, Shangazi akabofya, masomo yakashuka kabla hajamaliza kuvaa miwani.

"Kumbe haukuwa uzee wangu," akasema.

Amefaulu. Kitambaa cha meza uliyoegemea ni kazi yake.

MAOMBI
Majaribio yanaisha mwisho wa mwezi. Tunaomba usitukatie laini; nyuma ya Shangazi tuko kumi na mmoja. Kiti cha tatu kina miguu mitatu, lakini hicho tumekizoea.

Mungu akuzidishie afya, na lolote utakaloanza lisikwame kwenye asilimia tatu.

Ni sisi, Wanafunzi wa Chumba cha Kompyuta.

NYONGEZA
Shangazi amekataa risala hii isomwe bila daftari, ambalo hakuna aliyelifungua kwa kuwa mtunzaji ni mimi, katibu. Jumanne ile intaneti ilipoingia kiburi, saa nne asubuhi, kwa mwandiko wangu: "Nimepandisha namba ya ruta hadi 1500 tupate kasi zaidi. Msinishukuru."

Shangazi alikuwa nyuma yangu siku hiyo, akitunga uzi kwenye sindano. Anasema alidhani najua ninachofanya, na kwa kosa hilo anaomba radhi.