Ngome Iliyotekwa Mara Mbili

Abu Rislan alikuwa hata hajakaa sawasawa kwenye benchi la nje ya mkahawa wa Abu Shukri, kule Dameski ya zamani, alipoambiwa kwamba jana kavurunda. Miaka nenda miaka rudi, kila baada ya isha hupanda kiti chake, upanga wa bati mkononi, akasimulia habari za Ghaihabu, Bwana wa Giza, anayemeza nchi moja baada ya nyingine na kuzima taa za kila mji anaouingia. Jana alimfanya aiteke Ngome ya Makomamanga, watu wakapiga meza kwa ngumi. Kumbe ngome hiyo Ghaihabu alishaiteka tangu majira ya baridi! Na Abu Shukri alikuwa anatafuta kisingizio tu: kanunua televisheni, na pahali pazuri pa kuiweka, kwa macho yake, ni pale kilipo kiti cha Abu Rislan.

— Haya, mzee mwenzangu, jieleze, alisema Abu Shukri akimimina kahawa. Mtu anatekaje mali yake mwenyewe?

Abu Rislan akakohoa. Kikohozi hicho kilishamwokoa mara nyingi. Leo kikapita bure.

— Mazoezi hayo! alidakia kinyozi waliyemwita Wembe, akipanga vipande vya sukari mezani viwe ramani. Askari wapya unawaanzishia ngome nyepesi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wapi! alisema Njiwa, mwenye njiwa zake juu ya paa. Mwenda kwao si mtumwa. Jamaa alikuwa anarudi nyumbani, mkewe akamfungia lango.

— We mfuga njiwa, kwa uongo wenu unaojulikana, ushahidi wako haupokelewi hata mahakamani.

— Basi sikia. Ngome ni pacha. Na ya tatu inaelea hewani, ndiyo anayoitaka hasa. Akishaipata anashuka huku kwetu, anaanza na vinyozi.

— Hewani! Kibaya chajitembeza, ndiyo maana jeshi lake linakwenda kwa miguu. Hebu ngoja, nchi ya kaskazini iko wapi?

— Ipi?

— Hapa palikuwa na sukari.

— Aa, hiyo? Nimeikoroga.

Wakati wanagombania kaskazini, akafika fundi mmoja mgeni, antena begani. Abu Rislan alipoiona, alijua ni ya ile televisheni. Lakini mgeni ni mgeni: akapewa kikombe, akasikiliza, akauliza.

— Samahani, jamani, mimi si wa mtaa huu. Huyo bwana kila anapoingia anazima taa, siyo?

— Zote! alisema Wembe kwa fahari, kama aliyezipuliza mwenyewe.

— Sasa yeye anaonaje anakokwenda?

Wembe akamtazama Njiwa, Njiwa akatazama paa. Abu Rislan hakuwahi kujiuliza hilo hata siku moja. Mara akaona: giza totoro, jeshi zima linapapasa ukuta, na bwana mkubwa anashangilia ngome mpya. Akainuka, akaweka tarbushi yake sawa.

— Hilo mtalijua leo, baada ya isha.

— Mzee, usitufanyie hivyo! Wembe alilalama. Aliipapasa tu, siyo? Hakuijua?

— Baada ya isha.

Njiwa alishaingia ndani kuwahi nafasi ya mbele, na adhuhuri hata haijaadhiniwa. Fundi akamgeukia Abu Shukri.

— Sasa mzee, hii antena niifunge wapi?

Abu Shukri, naye keshaburuta kiti mle ndani kukisogeza karibu na cha msimuliaji, hakugeuka.

— Kwenu.