Fanilo Ataingia Pamoja Nami

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Haingo binti yangu, niinue kidogo. Na wewe kaka yangu Rajaona, usiondoke, haya yanakuhusu kuliko wote, maana kaburi la ukoo wetu hakuna alifunguaye bila ruhusa yako.

Mwaka jana tulipaswa kulifungua, tuwatoe wazee wetu waliolala mle, tuwavike hariri mpya na kucheza nao mchana kutwa, kama tulivyofanya tangu nikiwa msichana. Marehemu baba yenu, aliyekaribishwa kuzikwa mle japo si wa ukoo, alikuwa akingoja zamu yake. Solofo mwanangu, ukapanda kutoka Antananarivo na mchungaji wako, ukasimama uani mbele ya wageni, ukasema kucheza na mifupa ni ushenzi na dunia imesonga mbele. Wapiga tarumbeta wakarudi makwao. Baba yako bado amelala katika kitambaa kilichooza. Nikajiambia kwamba huyu nilimpeleka shule mwenyewe, acha awe na akili zake.

Kisha akafa Fanilo, mtoto wa dada yako Haingo, hata meno hajaota. Tsilavo, baba yake, alimbeba mwenyewe kupanda kilima, mvua ikinyesha, nasi tukimfuata. Rajaona, ulikuwa umesimama mbele ya kaburi, umekunja mikono. Ukasema mababu wa Tsilavo walikuwa watumwa wa mababu zetu, na damu yao haivuki kizingiti kile. Tsilavo hakugombana. Alisema tu, "Mzee, huyu hajui hata jina la babu yake. Mlaze hata pale mlangoni."

"Mlangoni napo ni ndani," ukamjibu, mbele ya mama ambaye maziwa yalikuwa bado yanamtoka kifuani.

Nikakugeukia wewe, Solofo. Nilidhani huyu anayehubiri kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu, leo atasema neno. Ukatazama viatu vyako. Nilipokuvuta mkono ukaninong'oneza, "Mama, mila ni mila. Tusiwaudhi wazee."

Mila! Neno hilo ulilitoa wapi siku ile? Ulipomnyima baba yako hariri ulikuwa mtu wa kisasa, lakini kwa kuwa ulitaka mjomba wako akuachie kiwanja cha bondeni ujenge ghorofa, ukageuka mlinzi wa mila. Na wewe Rajaona, uliyeona haya kuwatetea wafu wako mbele ya mchungaji, ubabe ukaupata mbele ya kichanga. Mmoja anajificha nyuma ya wazee, mwingine nyuma ya wafu, na katikati yenu mtoto wetu akakosa pa kulala. Tulimzika kando ya mfereji wa mpunga, peke yake, kama kitu kilichookotwa.

Basi nikifa, msinipandishe kilimani kwanza. Shukeni mferejini, mfukueni Fanilo, mlazeni kifuani pangu, mtufunge pamoja katika sanda moja. Ile iliyomo sandukuni nimeifuma mwenyewe, na nimeifanya pana. Tsilavo ndiye atakayetangulia kunibeba. Hapo, Rajaona, ama utupokee sote wawili, ama umfukuze dada yako wa tumbo moja mbele ya kijiji kizima. Ukitufukuza, Haingo, usimbembeleze mtu. Turudisheni mferejini, nami nitalala vizuri.

Nyumba hii ni ya Haingo na mumewe. Solofo, wewe nakuachia hariri ya baba yako, haijaguswa. Sikulaani, mwanangu. Siku utakapomvika kwa mikono yako, ujue nimekubariki.

Maji kidogo... Asante. Mungu awape uzazi, na asiwepo wa kuwauliza wanenu babu zao... babu zao walikuwa nani. Mpendane. Nimechoka sasa.

Mbona simwoni Tsilavo? Bado yuko nje? Mwiteni. Aingie... aje akae hapa kitandani, karibu yangu.